Chora piramidi ya umri ya avenyu yenu: kaye, penseli na koko wasiojua mwaka waliozaliwa

Niulize avenyu yetu ina watoto wangapi chini ya miaka mitano, nitakujibu hata kwa usingizi. Niulize wazee ni wangapi, mpaka mwaka jana ningekuna kichwa. Miaka 18 sasa mimi ni reko, yaani mhudumu wa afya wa mtaani, hapa Cimpunda, komini ya Kadutu, mjini Bukavu, Kongo. Napanda na kushuka vilima na chaki mkononi wakati wa chanjo ya polio, natia alama mlangoni, naenda mlango unaofuata. Hakuna kampeni iliyowahi kunituma nihesabu koko, yaani wazee wetu. Kaye zangu zote, daftari za kuhesabia, zinaishia miezi 59.

Aliyenitia katika kazi hii ni mtoto wa dada yangu, anayesomea ualimu wa jiografia. Alikuja kula sombe, akanifungulia simu: piramidi mbili za umri, yaani michoro inayopanga watu kwa ngazi, wadogo chini, wazee juu: ya Kongo na ya Tunisia. Yetu ilikuwa kama mlima mkali, chini pana, juu sindano. Ya Tunisia ilikuwa kama mtungi, imevimba katikati. "Mama mudogo," akasema, "Afrika moja hii, lakini angalia." Nikaangalia, nikataka kujua avenyu yetu ina umbo gani. Hivi ndivyo nilivyofanya, pamoja na makosa yangu, ili wewe usiyarudie.

Vifaa ni vichache: kaye ya karo (miraba midogo), penseli, gome ya kufutia na rula. Nasema penseli kwa sababu mimi nilianza kwa biki, kalamu isiyofutika, na ukurasa wa kwanza niliutupa.

Kabla ya kubisha hodi

Anza kwa shefu wa avenyu, kisha wakubwa wa nyumba kumi. Mji huu umepita mengi, na mtu anayezunguka na kaye akiuliza nani analala wapi anaweza kueleweka vibaya. Kwa hiyo usiandike jina la mtu hata mmoja. Andika namba ya mlango, mume au mke, na mwaka wa kuzaliwa. Hayo matatu yanatosha. Mtu akikataa, ruka mlango wake, mwambie asante. Nyumba mbili zilinikatalia, na mpaka leo tunasalimiana vizuri.

Halafu amua unamhesabu nani, na usibadilishe amri katikati ya njia. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuhesabu waliolala nyumbani usiku wa jana, hata kama ni mgeni. Ya pili ni kuhesabu wanaoishi hapo siku zote, hata kama usiku huo hawakuwepo. Nilichanganya zote mbili, nikapata koko mmoja mara mbili: anakula mchana kwa binti mkubwa, mlango wa 12, analala kwa binti mdogo, mlango wa 19, na kila binti alimtaja kama wake. Nilimgundua kwa sababu wote wawili waliniambia ana jino moja la mbele. Tangu hapo swali langu ni hili: "Usiku wa jana, nani alilala hapa?"

Na watoto usiulize kwa namba. Wako wazazi wasiopenda watoto wao wahesabiwe, wanaona ni kuwaitia mkosi. Omba wakutajie mmoja mmoja, kuanzia kitinda mimba kwenda juu, wewe weka alama kimyakimya.

Miaka ya koko

Hapa ndipo kazi ilipo. Watoto wana kadi ya chanjo, vijana wana vyeti vya shule, lakini ukifika kwa aliyezaliwa kabla ya Uhuru, "una miaka mingapi" ni swali bure. Atakujibu "mingi", au atakutolea kadi ya kupigia kura, na kadi hiyo usiiamini haraka. Ukiona tarehe ni 1/1, jua kuna mtu alikisia mbele ya mashine akiwa na foleni ndefu mlangoni.

Tengeneza kalenda ya matukio. Yangu niliibandika ndani ya jalada la kaye: Uhuru, 30 Juni 1960. Vita vya Schramme na mamluki wake hapa Bukavu, 1967. Nchi kuitwa Zaire, Oktoba 1971, na mwaka uliofuata majina ya Kizungu kupigwa marufuku. Hesabu ya watu ya Julai 1984. Wakimbizi wa Rwanda kujaa mjini, Julai 1994. Vita vya Oktoba 1996, mwezi aliouawa Monsinyori Munzihirwa. Mapigano ya Juni 2004. Tetemeko la Jumapili ya 3 Februari 2008. Vita kuingia tena mjini, Februari 2025, ambayo hakuna aliyeisahau.

Usiishie kuuliza kama anakumbuka tukio. Uliza alikuwa anafanya nini. Koko wa mlango wa 27 alikuwa na kadi iliyoandikwa 1955, kwa hiyo nilimweka miaka 70. Nikakaa naye barazani, akichambua maharage kwenye lungo.

"Koko, vita ya Schramme ilikukuta wapi?"

"Ilinikuta hapa Kadutu, na mutoto ku mugongo. Tukakimbilia Walungu kwa miguu."

"Mtoto wa ngapi?"

"Wa kwanza. Alikuwa hajatembea."

Aliyezaliwa 1955 angekuwa na miaka 12 mwaka huo. Nikamuuliza aliolewa lini, akasema mwaka mmoja kabla ya huyo mtoto, na kwamba alikuwa amechelewa kidogo kuliko dada zake. Basi alikuwa na 18 au 19. Nikaandika 1948. Umri wake ukapanda kwa miaka saba kabla maharage hayajaisha. Mpaka leo kadi yake inasema 1955, na sina nguvu ya kuibadilisha.

Kama koko alibatizwa Mkatoliki, omba karatasi ya ubatizo. Wengi wameihifadhi ndani ya Biblia au chini ya godoro. Padri wa zamani alikuwa na wino na daftari, na mtoto aliyebatizwa angali mchanga, tarehe yake huwa karibu na kweli kuliko kadi yoyote. Usipopata karatasi, tumia mtoto wa kwanza: umri wake ongeza 18 mpaka 20, kisha pima na matukio.

Ukimaliza, jipime mwenyewe kama umedanganywa na namba za mviringo. Watu wasiojua umri wao hupenda 30, 35, 40. Chukua wote wenye miaka 23 mpaka 62. Hesabu wangapi wana umri unaoishia na 0 au 5, zidisha kwa 5, gawa kwa wote, zidisha kwa 100. Wataalamu huiita kipimo cha Whipple. Ukipata 100, hakuna mrundikano; 500 maana yake kila mtu amesema namba ya mviringo. Mimi nilikuwa na watu 84, na 31 kati yao waliishia na 0 au 5. 31 mara 5 ni 155, gawa kwa 84, nikapata kama 185. Aibu. Nilirudi kwa milango yote iliyonipa 40 na 50 safi, nikaanza tena na Schramme na Mobutu.

Kuchora

Fungua kaye kurasa mbili zinazotazamana. Mkunjo wa katikati ndio uti wa mgongo wa piramidi: wanaume ukurasa wa kushoto, wanawake wa kulia. Karo moja mtu mmoja. Ngazi ya chini kabisa ni miaka 0 mpaka 4, inayofuata 5 mpaka 9, hivyo hivyo mpaka 75 mpaka 79, na juu kabisa 80 na zaidi. Ngazi 17. Jaza karo kuanzia mkunjoni kwenda nje.

Avenyu yetu, milango 41 bila ile miwili iliyokataa, ilitoa watu 268 Julai 2025. Ngazi ya chini 45, ya pili 40, ya tatu 36. Chini ya miaka 15 ni 121, karibu nusu ya avenyu. Kutoka 15 mpaka 64 ni 138. Wa 65 na zaidi ni 9 tu.

Kabla ya namba, soma umbo. Upande wa wanaume, ngazi za 20 mpaka 34 zimeliwa kama mhindi uliopitiwa na panya. Nilijua sababu bila kuuliza: wengine wako machimbo ya Kamituga, wengine walikimbia, wengine hakuna anayetaka kusema wako wapi. Ukienda kijijini, kwetu Walungu, utaona ngazi za katikati zimekonda kwa wanaume na wanawake, wamebaki koko na wajukuu. Mji na kijiji vya mkoa mmoja vinaweza kutofautiana hivyo, sembuse nchi na nchi.

Sasa namba. Umri wa kati, yaani ule unaokata watu nusu kwa nusu, unapatikana hivi: 268 gawa kwa 2 ni 134. Chini ya 15 wako 121, kwa hiyo bado 13. Ngazi ya 15 mpaka 19 ina watu 31. 13 gawa kwa 31, mara 5, ni kama 2. Basi umri wa kati ni karibu 17. Nusu ya avenyu yetu haijafika miaka ya kupiga kura, na mimi naona hiyo inaeleza makelele ya jioni.

Mzigo wa wazee: 9 gawa kwa 138, mara 100, ni 6.5. Watu 100 wenye umri wa kufanya kazi wanabeba wazee sita na nusu. Mzigo wa watoto kwa njia hiyo hiyo ni 88. Mtoto wa dada yangu akasema, basi wazee ni mzigo mwepesi. Nikamwambia aende mlango wa 27 saa kumi na moja alfajiri, amwone binti akipandisha bidoo mbili za maji kilimani, moja ya watoto, moja ya kumwogesha mama, kisha aseme tena neno "mwepesi". Hesabu inagawa wazee kwa wote. Kazi yenyewe inaangukia mtu mmoja, na karibu kila mara ni mwanamke.

Kuiweka mbele ya bara

Kuna mitego mitatu, na mimi niliingia yote.

Wa kwanza: uliza namba ilihesabiwa au ilikadiriwa. Kongo ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho Julai 1984. Kila unachosikia juu ya umri wa Wakongo leo ni makadirio yaliyojengwa juu ya hesabu hiyo na juu ya uchunguzi wa kaya chache. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda walihesabiwa Agosti 2022. Tanzania pia 2022, Afrika Kusini 2022, Moroko na Tunisia 2024. Kwa hiyo ukilinganisha sisi na Tunisia, unalinganisha mtu aliyepimwa kwa mizani na mtu aliyepimwa kwa macho. Si kwamba macho hudanganya siku zote. Acha tu nafasi ya kukosea.

Wa pili: mzee anaanzia wapi? Wengine huanza kuhesabu 60, wengine 65. Nilichukua asilimia ya Moroko ya 60 nikaiweka mbele ya yetu ya 65, nikapiga kelele kwa mshangao bure. Afrika imezoea 60, na ndio umri uliomo katika itifaki ya Umoja wa Afrika ya mwaka 2016 juu ya haki za wazee, basi shika huo. Kwetu wa 60 na zaidi ni 14 kati ya 268, asilimia 5.2.

Sasa linganisha. Bara zima mwaka 2020 lilikuwa na kama 5.5, kwa hiyo Cimpunda haiko mbali na bara. Lakini "bara" hapa ni neno la kuficha mambo. Tunisia, hesabu ya 2024, iko karibu 17. Moroko 13.8. Morisi karibu mtu 1 kati ya 5. Afrika Kusini karibu 1 kati ya 10. Kisha shuka Niger, Chad, Mali na kwetu, unarudi 5 au chini yake. Afrika Mashariki inaanza kubana chini: uchunguzi wa Kenya wa 2022 ulikuta watoto 3.4 kwa mwanamke, wakati wa Kongo wa 2013-14 ulikuta 6.6. Na wazee wa Ulaya ni zaidi ya robo ya watu wote, ikiwa unataka kujitisha.

Kwa nini tofauti hizo? Nilipouliza hapa, karibu wote walijibu: huko wanakula vizuri, wana hospitali, wanaishi miaka mingi. Ni kweli, lakini si hapo pa kuanzia. Chukua gome, fanya hivi kwenye nakala ya piramidi yako: futa nusu ya watoto walio chini ya 15. Kwangu walibaki 61, avenyu ikawa na watu 208, na wazee wangu walewale 14 wakapanda kutoka asilimia 5.2 hadi 6.7. Hakuna aliyeongeza hata siku moja ya kuishi. Nchi huanza kuzeeka kwa chini, pale watoto wanapopungua. Morisi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanamke alizaa karibu watoto 6, kama sisi. Leo ni chini ya 2. Tunisia iliweka umri wa chini wa kuolewa na kukataza wake wengi kwa sheria ya 1956, kisha miaka ya 1960 ikaanza mpango wa uzazi. Watoto ambao hawakuzaliwa wakati huo ndio wameipa piramidi yao umbo la mtungi.

Kusini kuna jambo lingine. Huko ukimwi ulikula ngazi za katikati kabla dawa hazijaenea, na nyanya wengi walibaki wakilea wajukuu peke yao. Ukiona piramidi ya Lesotho au ya jirani zake ina kiuno, usidhani mchoraji alikosea. Lesotho, nchi ndogo isiyo na utajiri, mwaka 2004 ilianza kumlipa pensheni mzee aliyefika 70 asiye na pensheni nyingine ya serikali, hata kama maisha yake yote alichunga mbuzi. Zanzibar nao walianza yao 2016, kwa umri huohuo. Niliposoma hayo kwa sauti barazani, koko wa mlango wa 27 aliuliza basi la kwenda Zanzibar linapita wapi.

Mtego wa tatu ndio mbaya kuliko yote: asilimia inaficha vichwa. Waafrika wa miaka 60 na zaidi walikuwa kama milioni 74 mwaka 2020, na makadirio ya Umoja wa Mataifa yanawapeleka zaidi ya milioni 230 ifikapo 2050. Mara tatu. Lakini asilimia yao inapanda kutoka 5.5 mpaka kama 9 na nusu tu, haifiki hata mara mbili, kwa kuwa watoto na vijana nao wanaongezeka. Mtu wa ofisini akitazama asilimia atasema bara hili ni la vijana, tujenge shule tu. Shule zijengwe, sikatai. Lakini wazee wengi zaidi hawaonekani kwa sababu wamesimama nyuma ya watoto wengi zaidi. Kwa hiyo kwenye karatasi yako andika zote mbili, asilimia na vichwa, na vichwa uviandike kwa maandishi makubwa.

Angalia pia mwendo. Ufaransa, watu wa 65 na zaidi kutoka asilimia 7 mpaka 14, ilichukua miaka kama 115. Japani ilichukua kama 24. Nchi kama Tunisia inakwenda kwa mwendo wa Japani bila mfuko wa Japani, na hilo nafikiri linawanyima usingizi wanaolipa pensheni kule.

Karatasi ikiisha, usiifungie kabatini. Nakala moja nilimpa shefu wa avenyu, moja naibeba nikienda kituo cha afya. Kituo kilikuwa na orodha ya watoto wa kupima uzito. Sasa kina pia namba za milango 13 yenye mtu wa miaka 60 na zaidi, wa kupimwa shinikizo la damu. Mlango mmoja una wawili, mume na mke, na ndio pekee.

Kila baada ya miaka mitano chora upya. Kila ngazi inapanda moja: watoto wa 0 mpaka 4 wanakuwa 5 mpaka 9, na wewe unaona nani hakupanda. Nilimweleza hivyo koko wa mlango wa 27 alipoomba kuona karo yake. Nilikuwa nimeifuta kutoka 70 mpaka 74 na kuipandisha 75 mpaka 79. Akaweka kidole juu yake, akapanda nacho mpaka ngazi ya mwisho.

"Mwaka 2030 utanihamisha hapa?"

"Nitakuhamisha, koko."

"Na baada ya hapa?"

"Hakuna ngazi nyingine. Ukifika hapo unakaa na wote wa 80 kwenda mbele."

Akalitazama kaye kidogo, akarudi kwenye maharage yake. "Sawa," akasema. "Lakini siku hiyo uniandike na biki."